Kioo cha Rubani na Ushahidi wa Hewa

Mto Kagera unapofika Murongo, penye daraja linaloiunganisha Wilaya ya Kyerwa na Kikagati ya Uganda, maji yake huwa yamekwisha kusafiri mbali kutoka milima ya Burundi na Rwanda, na nguvu yake ni kiasi cha kuzifanya nchi mbili ziafikiane kujenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 14 na kugawana mazao yake. Mtu akichukua mrija wa kioo uliopindwa pembe, akauzamisha mtoni, ncha moja ikiukabili mkondo na nyingine ikisimama wima hewani, ataona maji yanapanda ndani ya mrija kupita usawa wa mto wenyewe: mkondo ukienda mita moja kwa sekunde, yatapanda sentimita tano hivi, ukienda mita mbili, sentimita 20, na ukifika mita tatu, yatakaribia sentimita 46. Jambo hilo alilithibitisha mwaka 1732 mhandisi wa Kifaransa aitwaye Henri Pitot, aliyezamisha mrija wa namna hiyo katika mto Seine mjini Paris ili apime mwendo wa maji, wala hakuwaza ndege, maana ndege hazikuwapo. Walakini mrija ule ule, ukiwa sasa wa chuma na wenye waya wa kuupasha moto usizibwe na barafu, umetokeza nje ya kila ndege iendayo Bukoba, na tarakimu ya mwendo ambayo rubani huisoma mbele yake hutoka humo.

Wasafiri wengi wa Karagwe na Kyerwa, wateremkao hadi Kyaka na kwenda Bukoba kupanda ndege, hudhani kwamba vyombo vilivyo mbele ya rubani huiona ardhi iliyo chini na kuhesabu umbali uliopitwa, kama jicho lionavyo. Sivyo. Ipo redio ya kupima kimo kwa mwangwi, lakini hiyo hutumika karibu na ardhi tu, chini ya futi 2,500. Na zipo setilaiti zinazotaja mahali ndege ilipo. Ghairi ya hizo, vyombo vya kimo na mwendo ambavyo rubani huvitegemea kuanzia anapoondoka hadi anapotua havijui lolote ila jinsi hewa inavyoisukuma ndege, na kutokana na msukumo huo hukadiria kimo na mwendo. Makadirio hayo ni hodari mno, na roho zilizosalimika kwayo hazina idadi. Lakini maadamu ni makadirio, naona kwamba chombo kinachoyatoa kina wajibu wa kumwambia mtumiaji wake, waziwazi na mapema, pindi shaka inapoingia. Na palipopuuzwa wajibu huo, watu wa Afrika Mashariki wamelipa kwa maisha yao.

Tuanze na mwendo. Mdomo wa mrija wa Pitot huupokea upepo kwa nguvu zake zote, na tundu jingine, lililotobolewa ubavuni mwa ndege mahali ambapo upepo hupita bila kuingia, hupokea uzito wa hewa tuli. Tofauti ya misukumo hiyo miwili ndiyo inayogeuzwa kuwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Sasa, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, na hewa nyepesi husukuma kidogo. Kwa hiyo ndege inayokaribia uwanja wa Bukoba, ulio karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, katika siku ya joto la kawaida la huko, kioo chake kikionesha noti 110, kwa hakika inakwenda karibu noti 120 angani. Ndege hiyo hiyo ikitua Tanga kwa tarakimu ile ile, itagusa ardhi kwa mwendo mdogo zaidi. Ikiwa msomaji atauliza kwa nini basi mafundi wasiisahihishe tarakimu hiyo, jibu ni zuri kuliko swali: ubawa wa ndege nao hubebwa na hewa ile ile nyepesi, na hewa inavyousukuma mrija ndivyo inavyoubeba ubawa, kwa hiyo tarakimu isiyo mwendo wa kweli ndiyo inayomweleza rubani kwa kweli kama ndege yake itaendelea kubebwa au itaanguka. Akitaka kujua atafika saa ngapi, kompyuta humpa mwendo mwingine uliokwisha sahihishwa. Akitaka kubaki hai, husoma ule wa mrija.

Tofauti ya noti kumi si jambo dogo kwa njia ya kurukia yenye urefu wa takriban kilomita moja na nusu ambayo mwisho wake mmoja unaelekea Ziwa Viktoria. Na mtu wa Kagera hawezi kuutaja uwanja huo bila kuikumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani karibu na uwanja, katika hali mbaya ya hewa, ikiwa na watu 43, na 19 miongoni mwao wakafariki. Wavuvi waliofika kwa mitumbwi ndio waliotangulia kunyoosha mkono wa uokozi. Msiba huo siutaji ili niubebeshe hoja yangu. Nautaja kwa kuwa haki ya kuuliza habari za ndege, katika mkoa wetu, imekwisha kununuliwa kwa thamani hiyo.

Kuhusu kimo, Karagwe ina historia yake, na ni ya zamani kuliko ndege. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanika, wakakaribishwa kwa ukarimu ambao Speke aliusifu katika kitabu chake, na Grant, aliyekuwa na jeraha baya la mguu, akabaki huko miezi kadhaa baada ya mwenzake kuendelea na safari. Katika mizigo yao walikuwa na vipimajoto vya kuchemshia maji. Kadiri mtu apandavyo ndivyo uzito wa hewa iliyo juu yake upunguavyo, na kadiri uzito huo upunguavyo ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kama digrii moja kwa kila mita 300. Hivyo maji yanayochemka kwa digrii 100 Bagamoyo huchemka kwa digrii 95 hivi katika vilima vya Karagwe, na yeyote aliyepika maharage katika pande zote mbili za nchi ameliona hilo kwa wingi wa kuni. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akatafuta kimo kwa hesabu. Rubani wa leo hafanyi jambo tofauti na hilo. Badala ya sufuria ana vihisio vinavyopokea uzito wa hewa kutoka katika tundu la ubavuni, na kompyuta inayogeuza uzito huo kuwa futi; lakini shahidi ni yule yule, hewa, na ushahidi una udhaifu ule ule.

Udhaifu huo ni kwamba uzito wa hewa haubadiliki kwa kimo peke yake. Hubadilika kwa mvua na kiangazi, na katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa ikweta hubadilika hata kwa saa za siku, kwa utaratibu wa ajabu unaofanana na kupwa na kujaa: hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, kisha hupanda tena usiku. Tofauti baina ya saa hizo mbili aghalabu ni hektopaskali tatu au zaidi, na kila hektopaskali moja ni kiasi cha futi 27 hadi 30. Maana yake ni kwamba ndege iliyoegeshwa Bukoba tangu asubuhi, bila kusogea hata hatua moja, itajiona alasiri imepanda futi 80 au zaidi. Kwa sababu hiyo Paul Kollsman, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipotengeneza mwaka 1928 altimita, yaani chombo cha kupima kimo, yenye usahihi mkubwa kuliko zilizotangulia, aliiwekea kidirisha na kitufe cha kuzungusha, ili rubani aingize mgandamizo wa hewa wa siku ile na wa mahali pale. Na tarehe 24 Septemba 1929 Jimmy Doolittle aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vyombo tu, na altimita hiyo ikiwa miongoni mwavyo. Kitufe hicho kipo hadi leo. Rubani ashukaye Bukoba, mahali ambapo uzito halisi wa hewa huwa karibu hektopaskali 885, hupewa kwa redio tarakimu iliyokwisha kurejeshwa kwenye usawa wa bahari, tuseme 1016, huiingiza, na kimo kinachoonekana kiooni magurudumu yakigusa ardhi kitakuwa kile kile kilichochapwa katika ramani. Akisahau, akabaki na ile ya kawaida ya 1013 itumikayo juu angani, atajidhani yuko chini ya alipo kwa futi 80 na zaidi. Na siku ambayo hewa ya mahali ni nyepesi kuliko ile ya kawaida, atajidhani yuko juu kuliko alipo, na kosa la namna hiyo ndilo linalochukua ndege kuipeleka vilimani.

Hata hivyo kipo kisa kimoja cha Afrika Mashariki kinachoonesha kuwa altimita inaweza kusema kweli tupu na bado watu wakaponea chupuchupu. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa ya British Airways, aina ya Boeing 747, ilikuwa inashuka kuelekea Nairobi. Mwongozaji aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakasikia futi 5,000, wakaiandika tarakimu hiyo katika chombo kinachoongoza mshuko, na ndege ikatii. Sasa uwanja wa Embakasi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Yaani watu wazoefu waliiamuru ndege ishuke hadi kimo kilicho chini ya ardhi, na tarakimu hiyo ikakaa mbele ya macho yao, safi, isiyo na dosari, isiyomwambia yeyote kuwa haiwezekani. Walitoka mawinguni wakaiona ardhi, wakapandisha. Wakati huo walikuwa wamebakiwa na futi 70 hivi, na maili saba za kufika njia ya kurukia. Hakuna aliyeumia. Kila nikisoma habari hiyo huona kwamba kosa la kusikia ni la binadamu na litakuwapo daima, lakini kuionesha 5,000 katika nchi ya 5,300 bila onyo lolote lilikuwa kosa la chombo. Na naridhika sana kwamba ndege za leo zimewekewa ramani ya vilima vyote vya dunia, na sauti inayompigia rubani kelele apandishe kabla vilima hivyo havijamfikia.

Altimita za zamani zilikuwa na akrabu tatu katika uso mmoja, moja ya mamia, moja ya maelfu na moja ya makumi ya maelfu, na marubani waliochoka walizisoma kwa makosa ya futi 10,000 nzima. Vioo vya sasa vimeondoa balaa hiyo. Katika kioo kikuu cha rubani, katikati hupatikana mchoro wa upeo wa macho, anga la buluu juu na ardhi ya kahawia chini. Kushoto kuna utepe wa mwendo unaopanda na kushuka nyuma ya kidirisha chenye tarakimu. Kulia kuna utepe wa kimo, na pembeni yake kasi ya kupanda au kushuka. Kwenye utepe wa mwendo zipo rangi: nyekundu juu, mwendo usiofaa kuzidiwa; njano na nyekundu chini, mwendo ambao ubawa utakataa kubeba. Mshale mdogo huchomoza kuonesha mwendo utakavyokuwa baada ya sekunde 10 kama hakuna kitakachobadilishwa. Huo mshale naupenda kuliko vyote, kwa maana humpa rubani habari ya mambo yajayo, ilhali akrabu za zamani zilimpa habari ya mambo yaliyopo tu. Lakini kuna kilichopotea. Akrabu ilisomwa kwa mahali iliposimama, kwa nusu ya jicho, hata na mtu anayetetemeshwa na dhoruba, na ikikwama ilionekana imekwama. Tarakimu shurti isomwe, na iliyo ya uongo huandikwa kwa mwanga ule ule na wino ule ule wa iliyo ya kweli.

Hapo ndipo tufikapo Addis Ababa, asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka kwenda Nairobi ikiwa na watu 157, na miongoni mwao Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Katika pua ya ndege hiyo kulikuwa na vipeperushi viwili, kushoto na kulia, vinavyozunguka kufuata upepo ili kupima pembe ambayo ndege inaukabili. Muda mfupi baada ya magurudumu kuiacha ardhi, kile cha kulia kilisema digrii 15 hivi, jambo la kuaminika. Cha kushoto kikasema digrii 74.5, pembe ambayo ndege ya abiria haiwezi kuwa nayo na ikaendelea kuruka. Wachunguzi wa Ethiopia walisema hitilafu ilianzia katika umeme, wa Marekani wakasema ndege wa porini alikigonga kipeperushi. Sina haja ya kuamua baina yao, kwa kuwa lililofuata halibishaniwi.

Msomaji akumbuke lile tundu la ubavuni. Upepo haulipiti sawasawa katika kila pembe, na kwa hiyo kompyuta huusahihisha ushahidi wake kwa kutumia kipeperushi. Pembe ikiwa ya uongo, sahihisho nalo ni la uongo, na uongo huo huenea: kioo cha nahodha, upande wa kushoto, kikaonesha mwendo mdogo na kimo kidogo kuliko kioo cha msaidizi wake, na usukani wa kushoto ukaanza kutetemeka kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka kwa kukosa mwendo, hali ilikuwa na mwendo wa kutosha na wa kuzidi. Kisha programu ya kompyuta, iliyofungwa katika aina hiyo ya ndege na kuachiwa isikilize kipeperushi kimoja tu, ikaamini pua imeinuka mno, ikaisukuma chini, na marubani wakiivuta juu ikaisukuma tena. Safari yote ilichukua dakika sita. Katika sekunde za mwisho zilizorekodiwa, kioo cha kushoto kilikuwa kinasema noti 458 na cha kulia noti 500. Hata hapo, ndege ikielekea ardhini, mashahidi wawili walikuwa hawajakubaliana.

Linalonisikitisha kuliko yote ni kwamba ulikuwapo ujumbe uliobuniwa kwa ajili ya siku kama hiyo, maneno machache ya kutokea kiooni na kusema kuwa vipeperushi viwili vinapingana. Ujumbe huo ulipaswa kuwapo katika kila ndege ya MAX. Kumbe programu ilikuwa imeandikwa hivi kwamba hautokei ila katika ndege ambayo mnunuzi wake amelipia kipimo cha ziada cha pembe. Boeing ililijua kosa hilo mwaka 2017, na mashirika ya ndege hayakuarifiwa hadi baada ya ndege ya Lion Air kuanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189. Sisemi kwamba maneno hayo peke yake yangaliziokoa ndege hizo. Nasema kwamba marubani walikuwa na haki ya kuambiwa, na kwamba kuifanya habari ya shaka iwe bidhaa ya ziada ni dhuluma kwa abiria ambaye hakushauriwa.

Vifo vya namna hii si vya kompyuta peke yake. Mwaka 1996, mwezi Februari, ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata na watu 189, na inaaminika kuwa mrija wake wa Pitot ulizibwa na nyigu wajengao kwa udongo, wadudu ambao hata nyumba za Murongo zinawafahamu. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo ndege ya Aeroperú iliwaua watu 70 kwa kuwa aliyeiosha aliacha utepe wa gundi juu ya matundu ya ubavuni. Kwa ajili hiyo mirija hufunikwa ndege inapolala na mfuniko wenye kitambaa chekundu kirefu, na rubani huizunguka ndege kwa miguu kabla ya safari akiitazama mmoja mmoja. Na ndege inapokimbia kuondoka, katika ndege nyingi mwendo ukifika noti 80, mmoja hutaja tarakimu ya kioo chake kwa sauti na mwenzake huilinganisha na yake. Zikitofautiana, husimama hapo hapo, breki zingali na nafasi.

Tanzania ina sehemu yake katika mambo haya. Air Tanzania, ambayo ndege zake za Dash 8 zinakwenda Bukoba, ilipokea Boeing 737 MAX 9 ya kwanza mwezi Oktoba 2023. Aina hiyo iliruhusiwa kuruka tena Novemba 2020 baada ya kurekebishwa: programu sasa husikiliza vipeperushi vyote viwili na hunyamaza vikipingana, na ujumbe wa shaka hutokea katika kila ndege bila malipo ya ziada. Ulaya ilidai zaidi, kipimo cha tatu cha pembe kitakachopatikana kwa hesabu za kompyuta, maana mashahidi wawili wakipingana hakuna wa kuamua. Na Desemba 2022 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba, baada ya MAX 10 kupata idhini, ndege za MAX zilizotangulia nazo zifungwe kipimo hicho, pamoja na njia ya kuuzima usukani unaotetemeka kwa uongo. Sheria hiyo ni ya Marekani. Hapa kwetu mwenye kauli ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na naiomba Mamlaka, pamoja na shirika lenye ndege, wautangazie umma kwa Kiswahili ni lini kipimo cha tatu kitafungwa katika ndege zetu, na hadi siku hiyo marubani wetu wamefunzwa kufanya nini pale vioo viwili vinaposema mambo mawili.